Kuogelea Arusha wakati wa kipupwe bila mtoto kutetemeka

Juni ikiingia, Arusha inajifunika. Asubuhi Mlima Meru hauonekani, mawingu yameshuka mpaka kwenye migomba, na makoti yaliyolala kabatini tangu mwaka jana yanatolewa. Mwezi huohuo shule zinafungwa, watoto wapo nyumbani na wanachotaka ni bwawa. Halafu inafika Sabasaba, tarehe 7 Julai, na kila familia inapanga kwenda mahali penye maji na chipsi.

Nimekuwa nikiwapeleka wanangu na watoto wa dada yangu kuogelea msimu huu kwa miaka kadhaa, na mwaka wa kwanza nilikosea. Binti yangu alikuwa na miaka 7. Alitoka majini anacheka, nikampa taulo, akaketi pembeni kwenye sementi kuwatazama wenzake huku mimi nikimalizia mazungumzo na mama mmoja. Kama dakika kumi zikapita. Nilipompa kikombe cha chai hakuweza kukishika. Vidole vilikuwa vimekakamaa, meno yanagongana, chai ikamwagika magotini. Alikuwa na taulo muda wote, lakini lilikuwa limeloa chapachapa.

Tangu siku ile nimeshikilia jambo moja: bwawani, baridi kali humpata mtu baada ya kutoka kwenye maji. Mambo mengi yaliyomo humu yanahusu dakika tano za kwanza baada ya kutoka, na maandalizi yanayozifanya dakika hizo ziwe rahisi.

Kwanza elewa joto linakwenda wapi

Maji yananyonya joto la mwili haraka kuliko hewa yenye nyuzi zilezile, takriban mara 25. Hilo ni pigo la kwanza. La pili ni upepo ukikutana na ngozi iliyoloa. Unaujua mtungi wa udongo: maji yanavuja kidogo kupitia kuta zake, yanakauka kwa nje, na yakikauka yanaondoka na joto, ndiyo maana maji ya mtungini ni ya baridi. Mtoto aliyesimama kando ya bwawa akichuruzika maji anafanyiwa vilevile. La tatu ni sakafu. Sementi yenye unyevu inavuta joto kupitia nyayo na makalio.

Kuna jambo jingine ambalo wazazi wengi hawalijui. Mtu akiwa kwenye maji baridi, mwili unaibana mishipa ya mikono na miguu ili damu yenye joto ibaki kifuani na tumboni. Akitoka, damu iliyopoa huko pembeni inaanza kurudi ndani, na nyama zilizopoa zinaendelea kuvuta joto la katikati ya mwili. Kwa hiyo mwili unaendelea kupoa kwa muda hata baada ya kutoka. Ndiyo sababu mtoto anatoka anacheka, na dakika kumi baadaye anatetemeka kama mgonjwa wa malaria.

Watoto wanapoa haraka kuliko sisi. Ngozi yao ni pana ukilinganisha na uzito wao, na mtoto mwembamba hana mafuta ya kumkinga. Usipime baridi ya mwanao kwa mwili wako.

Chagua saa, kisha pima maji

Bwawa la nje lisilopashwa moto linapoteza joto usiku kucha. Kwa hiyo maji huwa ya baridi zaidi alfajiri na asubuhi, na huwa afadhali mchana na alasiri. Kipupwe cha Arusha kina tabia yake: mawingu hukaa mpaka saa nne au saa tano, kisha jua likipenda linatoka. Mimi napanga tuingie majini kuanzia saa sita na nusu mchana, na saa tisa tuwe tumeshavaa. Baada ya saa kumi upepo unaanza kuuma, hata kama maji yenyewe bado ni mazuri. Mwalimu akikupangia mtoto wa miaka 5 saa moja asubuhi mwezi Julai, mwombe abadilishe. Ni haki yako kuomba.

Nunua kipimajoto cha kuelea, au chukua kile cha kupimia maji ya kumwogeshea mtoto mchanga. Kizamishe kama mkono mmoja kwenda chini, maana maji ya juu yanapashwa na jua na yatakudanganya. Mashindano ya kimataifa ya bwawani hufanyika kwenye maji ya nyuzi joto 25 hadi 28 za Selsiasi, na hao ni watu wazima wenye misuli wanaokwenda kasi. Mtoto mdogo anayejifunza, anayesimama zaidi kuliko kuogelea, anahitaji maji ya 30 au zaidi ili akae nusu saa kwa raha. Sasa linganisha na bwawa letu: asubuhi ya Julai nimeshaona kipimo kikisimama kwenye 19.

Vipimo ninavyotumia na watoto wangu ni hivi. Maji yakiwa 26 au zaidi, tunaogelea kama kawaida kwa mapumziko. Yakiwa kati ya 22 na 25, wakubwa wanapata dakika 15 hadi 20 kwa mkupuo, wadogo 10. Yakiwa chini ya 22, wadogo wanachovya miguu tu na kucheza mpira nje. Chini ya 20 hakuna mtoto wangu anayeingia, hata alie vipi. Hata kwenye mashindano ya kuogelea ziwani na baharini, World Aquatics, shirikisho la kimataifa la michezo ya majini, hulazimisha waogeleaji kuvaa suti maalumu ya kuzuia baridi maji yakishuka chini ya 18.

Kama huna kipimo, zamisha mkono mpaka kwenye kiwiko na uhesabu polepole mpaka sitini. Mkono ukianza kuuma kabla hujamaliza, maji hayo si ya mtoto.

Mfuko ufungwe usiku

Asubuhi ya safari kila mtu ana haraka, na kinachosahaulika ni kile hasa utakachokihitaji. Funga usiku. Kila mtoto awe na mfuko wake, na ndani yake vitu vipangwe kinyume na utakavyovitumia: cha mwisho kuvaliwa kiwe chini kabisa, cha kwanza kiwe juu.

Taulo ziwe mbili kwa kila mtoto, na hapo sina mjadala. Moja ni la kuchezea, atalitandika, ataliburuta, litaloa. La pili linabaki kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa mpaka atakapotoka kwa mara ya mwisho. Pamoja nayo weka khanga moja kubwa, sweta au jaketi lenye kofia, suruali nyepesi ya mazoezi, soksi, kofia ya sufi na ndala. Shuka la Kimasai ni zuri kuliko mataulo mengi ya dukani: ni pana, linazuia upepo, na mtoto akilivaa lubega linamfunika mpaka magotini.

Suruali ya jinzi iache nyumbani. Kuivuta juu ya miguu yenye unyevu kunachukua muda mrefu, na ikishika maji haikauki siku nzima. Vivyo hivyo fulana ya pamba ndani ya maji. Wazazi wengi wanamwambia mtoto aogelee na fulana ili asipate baridi. Akiwa majini haimsaidii kitu, na akitoka inamng'ang'ania mwilini na kumpoza kama ule mtungi. Nguo za kuogelea za mikono mirefu zinazobana ni afadhali, na zile nene za neoprini, yaani mpira laini kama sponji, zinasaidia kweli kwa sababu zinashika tabaka jembamba la maji yaliyopashwa na mwili wenyewe. Bei yake si ndogo, lakini kwenye mitumba hupatikana mara mojamoja. Ikague mabega na kwapa kabla ya kununua, na hakikisha inabana. Ikipwaya, maji baridi yanaingia na kutoka, na umenunua bure.

Mafuta ya kujipaka hayazuii baridi ya maji. Yanachafua bwawa tu.

Tumbo na chai

Mwili unatengeneza joto kwa chakula. Kutetemeka kwenyewe ni kazi ya misuli, inakula sukari ya mwilini haraka. Saa moja na nusu hivi kabla ya kuingia, mpe kitu kinachokaa: uji wa ulezi, viazi vitamu, chapati na maharage, ndizi za kupika. Mtoto aliyekunywa soda tu hatavumilia.

Chupa ya chai ijazwe nyumbani. Tangawizi inachangamsha koo na watoto wangu wanaipenda, lakini kinachofanya kazi ni ule moto wa chai na sukari iliyomo. Tia sukari kuliko siku zote. Beba kikombe cha plastiki chenye mfuniko, maana mikono iliyoganda inamwaga. Watu wazima mtakaokuwa nao: bia na konyagi zikae mbali mpaka mtakapomaliza maji. Pombe inafungua mishipa ya ngozi, mtu anajisikia moto huku joto la ndani likitoka nje, na mzazi aliyelewa hafai kulinda mtoto bwawani hata mwezi Januari.

Kuingia na kukaa majini

Kabla ya kuingia, pasha mwili ukiwa umevaa nguo kavu. Dakika tano za kuruka kamba, kukimbizana, kuzungusha mikono. Usimtoe mtoto sweta kisha akasimama kwenye foleni ya mwalimu. Sweta inatoka zamu yake ikifika.

Kutumbukia ghafla kwenye maji baridi kunamfanya mtu avute pumzi kwa nguvu bila kutaka, na kama kichwa kiko chini ya maji, anavuta maji. Moyo nao unaenda mbio. Hali hiyo inapungua ndani ya dakika moja mpaka tatu. Kwa hiyo ingieni kwa ngazi: miguu, kiuno, maji kidogo usoni na kwenye shingo, kisha mabega, pumzi zikitoka polepole. Mtoto asubiri mpaka aweze kutamka jina lake lote bila kukatika ndipo aanze kuogelea.

Mkiwa ndani, msisimame. Darasa baya msimu wa baridi ni lile ambalo watoto wanane wameshika ukingo na mmoja ndiye anaogelea. Mweleze mwalimu kwa adabu: wanaosubiri wapige mateke wakiwa wameshika ukingo, au watoke kabisa wajifunike. Kukaa nusu nje na nusu ndani, kiuno kwenye maji na kifua kwenye upepo, kunampoza mtoto haraka.

Kila baada ya dakika tano nawapima wangu. Nawaambia waguse kidole cha mwisho kwa kidole gumba cha mkono uleule. Anayeshindwa, au anayefanya kwa shida, anatoka. Hakuna kubembelezana. Kipimo hiki ni kizuri kwa sababu mtoto hawezi kukidanganya, ukimuuliza "unasikia baridi?" atakujibu hapana huku midomo inacheza. Na kwa ngozi zetu, usingoje midomo iwe ya bluu kama inavyoandikwa vitabuni. Inapauka, inakuwa ya kijivu. Tazama kucha, na ndani ya mdomo wa chini.

Dakika tano baada ya kutoka

Hapa ndipo ninapoomba usome polepole.

Kabla hujamwita, fungua mfuko, toa taulo kavu, ndala ziwe ukingoni pale atakapokanyaga. Mahali pa kuvalia pawe umepachagua mapema: nyuma ya ukuta, upande usio na upepo, penye jua kama lipo. Toa mtoto mmoja mmoja. Ukiwaita watatu kwa pamoja, wa tatu ataganda ukimvalisha wa kwanza.

Anza na kichwa. Kofia ya kuogelea itoke, nywele zikaushwe kwa kukandamiza. Wasichana wenye rasta au misuko mirefu wanahitaji kazi ya ziada, kwani misuko inashika maji mengi na itachuruzika mgongoni kwa saa nzima, ikiloanisha sweta ulilolibeba kwa uangalifu wote. Kamua msuko kwa kuuzungushia taulo, fungu kwa fungu, kisha zifunge zote juu kwa kilemba cha khanga kabla hujamvalisha chochote. Binti yangu sasa anajifunga mwenyewe. Kuhusu kichwa, watu husema nusu ya joto la mwili linatokea huko. Si kweli, ni kama sehemu moja ya kumi hivi, kulingana na ukubwa wake. Lakini kichwa kilicholoa kwenye upepo kinatosha kumharibia mtoto siku.

Kisha kifua na mgongo. Mfungie khanga shingoni kama anayenyolewa, ining'inie mpaka miguuni, na ndani ya khanga hiyo avue nguo ya kuogelea yote. Yote kabisa. Kosa ninaloliona kila mwaka ni kuvalishwa sweta juu ya nguo iliyoloa, "atabadilisha nyumbani". Sweta linalowa ndani ya dakika mbili, na sasa ana tabaka mbili za baridi. Mkaushe kwa kukandamiza, kwapani na mgongoni pasisahaulike, halafu fulana kavu, sweta, na jaketi. Juu kwanza, chini baadaye. Suruali, soksi, viatu. Shuka juu ya yote.

Sasa chai. Mezani, au kikombe ukishike wewe.

Kisha mtoto atembee. Dakika kumi za kutembea taratibu na kula andazi zinamrudishia joto vizuri kuliko kulala kwenye kiti. Bafu la maji ya moto linavutia, na kama amepoa kidogo tu halina shida, ila maji yawe ya uvuguvugu. Anayetetemeka sana asisimamishwe chini ya maji ya moto: mishipa inafunguka ghafla, shinikizo la damu linashuka, anaweza kuzirai na kuanguka kwenye vigae.

Usimpakie kwenye bodaboda hivyo hivyo

Hili nimelitenga kwa sababu linarudisha nyuma kazi yote. Umemkausha mtoto vizuri, amenywa chai, halafu mnapanda bodaboda kutoka Usa River mpaka mjini, nywele zina unyevu, upepo wa mwendo unapiga kifuani. Mwili wake bado haujarudisha joto lote. Subirini angalau nusu saa baada ya kuvaa. Kama mfuko unaruhusu, chukua bajaji au daladala. Kama ni pikipiki tu, mtoto akae katikati yenu, jaketi lifungwe mpaka kidevuni, shuka likunjwe na kuwekwa ndani ya jaketi, kifuani. Lisiachwe likining'inia, litaingia kwenye tairi.

Wasioingia kabisa, na dalili za hatari

Mtoto mwenye selimundu asiingie maji baridi. Baridi na mabadiliko ya ghafla ya joto vinaweza kumwanzishia maumivu makali yanayoishia wodini. Azungumze na daktari wake kwanza, na ikikubalika iwe maji ya joto tu na kukaushwa upesi. Mwenye pumu awe na dawa yake ya kuvuta pale ukingoni, mkononi mwa mtu mzima, isiachwe ndani ya gari. Mwenye shida ya moyo, na mtoto aliyeamka na homa au mafua, wabaki na koti.

Kutetemeka na malaika kusimama ni mwili unajitetea, unatoka na kujikausha. Hatari inaanza mtoto akiongea kwa kukokota maneno, akijikwaa, akichanganyikiwa, akisinzia, au akiacha kutetemeka ilhali bado ni wa baridi. Hilo la mwisho huwafurahisha watu, wanadhani amepata nafuu. Joto la ndani la mwili likishuka chini ya nyuzi 35 kutoka 37 za kawaida, huo ni ugonjwa wa dharura. Mlaze mahali pakavu, weka kitu chini yake, mvue vilivyoloa, mfunike kifua na tumbo kwa kila kilicho kikavu, mkumbatie ndani ya shuka ngozi kwa ngozi kama ni mdogo. Mpe kinywaji cha moto chenye sukari ikiwa tu yuko macho na anameza vizuri. Usimsugue mikono na miguu. Mpelekeni hospitali akiwa amelala.

Na wala asiwepo mtu wa kuwasha jiko la mkaa ndani ya chumba cha kubadilishia nguo ili watoto waote moto. Moshi wa mkaa usioonekana unaua kimya kimya chumba kikifungwa. Jiko likae nje, uwanjani, mbali na wanaokimbia.

Kwa wenye mabwawa

Nasema na nyinyi kwa heshima, kwa kuwa mnaweza kutusaidia kwa gharama ndogo. Joto jingi linalopotea kwenye bwawa la nje, kama asilimia 70, linaondoka kwa maji kugeuka mvuke. Turubai la kufunika bwawa usiku linazuia sehemu kubwa ya hasara hiyo, na maji ya asubuhi yanakuwa tofauti kabisa. Livutwe lote kabla watu hawajaingia, lisiachwe nusu, mtoto anaweza kunasa chini yake. Ua wa michongoma au ukuta wa makuti upande unakotoka upepo unasaidia waogeleaji na maji pia. Wekeni na benchi la mbao mahali pa kuvalia. Mbao haichomi makalio kwa baridi kama sementi, na mzazi anapata pa kumkalisha mtoto akimvalisha soksi.

Mkifika nyumbani

Julai taulo halikauki usiku mmoja Arusha, hata ukilianika uani. Likamue, lianike ndani karibu na jikoni, na kesho yake litoe juani saa tano mawingu yakifunguka. Nguo za kuogelea zisuuze kwa maji safi, klorini inakula mpira wake na ikilegea haibani tena. Kikombe kioshwe, chupa ya chai iachwe wazi. Taulo la pili likishakauka, lirudishe kwenye mfuko wake wa plastiki siku hiyohiyo, ulifunge, uliweke juu kabisa.